Kwa Jina la Jedidah

Siakago,
4 Februari 2024

Dada Jedidah,

Nimekupigia kwa namba tatu na zote umezifunga, hata ile niliyoazima dukani kwa Nelius. Kwa hivyo nimenunua karatasi. Dereva wa gari la Ishiara ameahidi kukufikishia hii Mitunguu pamoja na chupa ya asali. Ni ya mizinga ya Baba. Usiitupe, asali haina kosa.

Habari ni ya Baba. Tangu Mama atuache, akili yake imekuwa ikipukutika. Alianza kwa kusahau idadi ya mbuzi, akasahau siku ya kanisa, na sasa anasahau kwamba amekula. Jina langu limemtoka. Ananiita Njagi, yule ndugu yake aliyekufa kabla sijazaliwa. Jina moja tu ndilo limebaki kichwani mwake, nalo ni lako. Kila asubuhi anajikokota hadi langoni na kigoda chake, na kila mwanamke anayepita anamuuliza, "Wewe ni Jedidah?"

Na wanawake wanapita wengi. Labda hujasikia kazi ninayofanya. Goti liliponitoa kwenye mashindano ya mbio, nilichora njia tatu za kukimbia katika vilima hivi vyetu. Watu wanakuja Jumamosi na Jumapili kutoka Nairobi, Embu na Meru, hata Wazungu wachache. Wanaanzia sokoni, wanapanda ubavu wa Kiang'ombe, wanapita vijiji vya zamani na pale mababu walipoyeyusha chuma, kisha wanateremka wakionja muratina, pombe yetu ya asali, boma kwa boma. Njia ya pili, ya kilomita kumi na mbili, inapita kwetu. Wageni wanamsikia Mzee akiuliza, wanacheka kidogo, wanaendelea na mbio zao. Yeye anabaki akilia kama mtoto.

Njoo siku moja tu, Dada. Akuone, atulie.

Ndugu yako,
Muchangi


Mitunguu,
19 Februari 2024

Muchangi,

Asali niliwapa watoto wa darasa la nne. Walifurahi.

Unaandika kama mtu asiyejua kitu. Ulikuwa na miaka tisa, lakini ulikuwepo, umekaa juu ya jiwe la kusagia unakula embe. Wazee watano walikuwa wamealikwa kunywa muratina ya Baba. Alingoja wanywe hadi nyuso zikachangamka, ndipo akaniita katikati yao, mimi na mimba yangu ya miezi saba. Hakunipiga. Watu husema afadhali angenipiga. Alisema kwa sauti ile ile ya kuuzia mbuzi: "Binti yangu Jedidah amekufa leo. Huyu ni mpita njia." Mama alinifuata mpaka mtoni, akarudishwa.

Nilitembea hadi Ishiara. Nilijifungulia jikoni kwa mwanamke ambaye hakuniuliza jina, kabla ya wakati, na mtoto akaishi siku mbili. Alikuwa msichana. Sijawahi kukuambia kwa sababu hujawahi kuuliza.

Mwaka wa 2021 nilikuja kumzika Mama. Wakati huo akili ya Baba ilikuwa timamu. Nilipoinama kuchukua udongo, alisema wageni wakae nyuma ya kamba. Aliyekuwa ameishika ile kamba ni wewe.

Akiniita tena, mwambie nilikufa. Ni yeye aliyetangaza.

Jedidah


Siakago,
17 Machi 2024

Dada,

Pole kwa mtoto. Sikujua.

Kuhusu ile kamba, Baba ndiye aliyenipa niishike, na mimi nilikuwa mwenye kuomboleza kama wewe.

Lakini nina habari njema. Wiki mbili zilizopita alikuja mgeni anayeitwa Cicily, mama wa makamo kutoka Nairobi. Mzee alipomuuliza, yeye hakucheka. Alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono, akasema, "Ndiyo, Baba. Nimerudi." Ungemwona Mzee! Alimtemea mate ya baraka viganjani kama zamani, akaomba uji, akaumaliza, akalala mchana kutwa. Hakulia.

Kesho yake alikuwa amesahau, akauliza upya. Sasa kabla ya kuondoka sokoni ninawaambia wanawake wote: mkifika boma la kwanza kuna mzee, atawauliza hivi, nanyi mjibu hivi. Wanapenda sana. Wengine wanatokwa na machozi kabisa. Mmoja aliandika habari zake mtandaoni, na wiki hii njia ya pili imejaa hadi Pasaka. Nimemnunulia Mzee kofia mpya na blanketi jekundu. Anapendeza.

Kwa hivyo usijisumbue tena na safari. Una wenzako zaidi ya arobaini.

Muchangi


Mitunguu,
2 Aprili 2024

Muchangi,

Komesha jambo hilo.

Barua yako niliisoma darasani wanafunzi wakifanya zoezi, na ilibidi nitoke nje. Mume wangu Mwirigi ananiambia niachane nayo, mzee ni mgonjwa, hao wageni wanamtendea wema tu. Mwirigi ni mtu mzuri, anajua ndizi na mifereji ya maji. Hili halijui.

Wale wanawake wanamsamehe kwa jina langu. Anakula uji, analala, amesamehewa. Kesho anasamehewa tena. Na mimi ambaye nilikuwa na hilo neno moja tu la kumpa au kumnyima, nimeporwa, na wewe umelifanya biashara ya Jumamosi.

Mwache aulize asijibiwe. Mimi nilikaa miaka ishirini na saba bila kujibiwa.

Jedidah


Siakago,
20 Aprili 2024

Jedidah,

Maneno makubwa unayaweza, ndiyo maana ukawa mwalimu. Lakini ni nani anayemwogesha? Ni nani anayebadilisha shuka zake? Wewe una neno moja la kumnyima, mimi nina mzee mzima wa kubeba. Akilala mchana, nami napata kulala.

Sikomeshi. Kama hutaki wengine wajibu badala yako, njoo ujibu mwenyewe. Jumapili naongoza njia ya pili mimi mwenyewe. Jumamosi huwa niko Embu, na wageni wanaongozwa na msichana mmoja wa Meru anayeitwa Gatwiri, ambaye hana ugomvi na mtu. Chagua siku. Lakini hutakuja. Kukasirika ukiwa mbali ni kazi rahisi.

Muchangi


Siakago,
18 Juni 2024

Dada,

Baba amefariki.

Nakueleza kama nilivyoelezwa, maana sikuwepo. Jumamosi, tarehe kumi na tano, Gatwiri alipita na wageni tisa, saba kati yao wanawake. Mzee aliwauliza kama kawaida, nao wakajibu kama kawaida. Yule wa mwisho, mwanamke aliyevaa kofia ya jua, alimjibu vingine. Alimwambia hapana. Gatwiri hajui kwa nini, anasema labda hakusikia maelezo sokoni. Akawapeleka wageni mbele, na Mzee akabaki na yaya ninayemlipa siku za wageni. Yaya alipoingia kutoa sufuria motoni na kurudi, kigoda kilikuwa kitupu.

Tulimtafuta upande wa kilimani, kwa sababu ndiko wageni walikoelekea. Tulimtafuta hadi giza. Jumapili asubuhi wachunga mbuzi walimkuta upande wa pili kabisa, bondeni, karibu na barabara ya Ishiara. Jua la Jumamosi lilikuwa kali. Alikuwa bado amevaa blanketi jekundu, na kiatu kimoja.

Gatwiri nimemfukuza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mwanamke anajua la kusema. Nimewaambia watu hivyo hapa, na baraza la wazee limekubali kwamba uzembe ulikuwa wake.

Tutazika Ijumaa. Safari hii hakuna kamba. Njoo kama utaweza.

Muchangi


Makutano, Meru,
9 Julai 2024

Kwa Mwalimu Jedidah,

Salamu za Bwana. Mimi naitwa Gatwiri, ule msichana alikuwa anaongoza wageni kule Siakago. Nilikupigia simu mara nne. Ile ya kwanza ulishika, ukasikia ni mimi, ukakata. Bosi alikuwa anasemanga dada yake ni mwalimu Mitunguu, ndio nikaulizia shule yako kwa mtu wa huko anauza ndizi hapa Makutano.

Mwalimu, sikuandikii kwa ubaya. Wewe ulijiandikisha Mama Kajuju wa Nkubu. Lakini wageni wa Jumamosi wanatumanga pesa kwa simu yangu, na kwa simu kulikuja jina lako yote, Jedidah Kathuri. Siku hiyo sikufikiria, maana hapa Jedidah ni wengi. Ni vile mzee alikufa ndio nikaangalia tena, nikaona ni Kathuri kama yeye.

Nilikuwa nimesimama karibu na wewe. Mzee alikuuliza, "Wewe ni Jedidah?" Ukasema, "Hapana. Jedidah alikufa Ishiara, yeye na mtoto wake." Akakuuliza, "Ishiara ni wapi?" Na wewe ukamuonyesha na mkono. Mimi nilifikiria ni mchezo yenu ya Kimbeere sielewi, nikasema twende. Hapo ndio nilikosea, nimekubali.

Bosi hajui ni wewe, sijamwambia. Nilisema tu ni mama mmoja wa kofia. Nilionea aibu familia yenu. Lakini sasa watu wa Siakago wanasema mimi ndio niliua mzee, na habari imefika mpaka nyumbani Igoji. Kanisani mamangu amehamia kiti ya nyuma. Kikundi cha mbio cha hapa Meru kilikuwa kinichukue, wakaskia, wakakataa. Saa hii nauza viatu vya mitumba hapa Makutano.

Naomba tu umwambie ndugu yako ukweli. Mimi sitasema wewe ni mbaya. Hata sijui alikufanyia nini. Nataka jina yangu.

Ni mimi,
Gatwiri


Mitunguu,
15 Julai 2024

Gatwiri,

Nimekurudishia barua yako. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu ili usipoteze muda wa watu wengine utakaowaandikia. Si "ule msichana", ni "yule msichana". Si "jina lako yote", ni "jina lako lote". Si "kiti ya nyuma". Si "mchezo yenu". Si "jina yangu". Nimehesabu makosa kumi na matano katika ukurasa mmoja na nusu, na mtu asiyeweza kupatanisha neno na neno asitegemee kuaminiwa anaposimulia yale aliyosikia kwa lugha asiyoijua. Baba yangu hakusema Kiswahili. Huenda hukuelewa kitu.

Tarehe kumi na tano Juni nilikuwa nyumbani nikisahihisha mitihani. Wapo watu wengi wenye jina langu, umesema mwenyewe.

Usiniandikie tena, na shuleni usije.

Mwl. Jedidah Mwirigi


Siakago,
3 Agosti 2024

Jedidah,

Hukuja kwenye mazishi. Nilisema moyoni, ana haki yake.

Jana Gatwiri alikuja hapa akiwa na karatasi mbili. Hakuingia, alisimama langoni. Alinipa barua yake ikiwa na alama zako nyekundu, na barua yako nyuma yake. Wino ule naujua. Ni wewe uliyenifundisha kusoma, kabla ya siku ile, na ulikuwa ukizungushia kosa duara mara mbili. Bado unazungushia mara mbili.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Akajibu kwamba msiba ulikuwa wangu, hakutaka kuniongezea mwingine. Kisha akakaa chini kwenye vumbi akalia, msichana mzima, nami sikujua pa kuangalia.

Nataka nisikie kutoka kwako. Sitaki mahubiri, na sitaki habari za mwaka wa tisini na saba, hizo ninazo. Nijibu hili tu: ulikuwa wewe?

Muchangi


Mitunguu,
11 Agosti 2024

Muchangi,

Nilikuwa mimi.

Nilimwambia Mwirigi nina semina ya walimu Embu. Nilivaa kofia ya binti yangu. Nakimbia kila asubuhi kandokando ya mifereji huku, kwa hivyo kilomita zako hazikunitisha. Wageni walikuwa wakicheka njia nzima. Mmoja wao, mama mnene mwenye moyo mzuri, alikuwa akijifunza jibu lake kwa sauti, akiniuliza kama analitamka vizuri.

Sikuja kumwua. Nataka uelewe hivyo, ingawa silazimishi. Nilikuja kumwona akidanganywa. Nilidhani nikimwona akipokea msamaha wa uongo nitacheka, na nikishacheka nitarudi Mitunguu nikiwa mzima. Nilikaa mwisho. Wanawake sita mbele yangu walisema "Ndiyo, Baba, nimerudi," mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja Baba alimtemea baraka viganjani. Sita, Muchangi. Mimi aliyenizaa sikuwahi kupata hata moja, hata siku niliyoshinda mbio za wilaya.

Ilipofika zamu yangu alinitazama kuliko alivyowatazama wale. Alinishika mkono akaugeuza. Kabla hajauliza lolote alisema, "Hii ni mikono ya mama yake Jedidah." Gatwiri hakusikia hilo, maana Baba alilisema kwa sauti ya chini. Kisha akauliza lile swali lake. Nikauchomoa mkono wangu.

Mengine yako kwenye barua ya msichana. Ameyaandika sawa. Hakuna neno alilokosea.

Alipouliza Ishiara ni wapi, yeye aliyeuza mbuzi Ishiara miaka arobaini, nilijua kwamba angekwenda. Huwezi kuniambia sikujua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia yule yaya, alikuwa hatua kumi kutoka kwetu akimenya ndizi za wageni. Nilifunga kamba ya kiatu nikawafuata wenzangu. Nilikimbia njia yote hadi mwisho. Pale kwa wafua chuma nilisikiliza maelezo. Boma la mwisho nilikunywa muratina, nikaomba niongezewe. Ilikuwa tamu. Nimo kwenye picha ya pamoja, mstari wa nyuma.

Unaweza kuuliza kama nimepona. Ninalala. Nakula. Mwirigi anasema nimekuwa mkali kwa wanafunzi, lakini nilikuwa mkali tangu zamani.

Mrudishe Gatwiri kazini. Waambie watu ukweli, na kama ni kikao cha wazee nitakuja nisimame mbele yao. Nilishasimama hapo. Nilichomwandikia yule msichana ndicho ninachokionea haya. Hicho kingine bado sijajua.

Jedidah


Siakago,
29 Septemba 2024

Dada Jedidah,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaichoma. Ya Gatwiri pia, na ile yako nyekundu. Hakuna karatasi iliyobaki.

Kwenye kikao hutakuja. Nimefikiri kwa wiki saba na hili ndilo nimeliona. Nikisema ni wewe, watauliza kwa nini, na nitalazimika kusema habari za muratina ile na wazee watano. Wawili kati yao wangali hai, na mmoja ndiye anayenikodisha shamba linalopitiwa na njia. Watasema pia kwamba mtoto wa Kathuri alimpeleka baba yake bondeni kwa kidole. Ni wageni gani watakuja kukimbia hapo? Gatwiri ni mgeni. Ana Meru yake. Wamezoea sasa kusema ni yeye, na mambo yametulia. Alikuja tena mwezi huu, nikamwambia kwamba hizo karatasi sizijui, na kama anazo azilete. Nilimpa debe la asali abebe. Aliliacha langoni.

Usinichukie kwa hili. Mimi pia nilikuwa nataka kulala.

Njia ya pili ilikuwa imekufa. Wageni walikuwa wanafika bomani, wanaona kigoda kitupu, wanauliza mzee yuko wapi. Mwezi mzima niliwajibu, na kila mara wengine hawakuendelea kupanda, walirudi sokoni. Kwa hivyo nimeongea na Salesio, yule mzee mwenye chongo aliyekuwa akichonga mizinga na Baba. Akili yake ni nzima kabisa, hana shida. Anakuja Jumamosi na Jumapili, anavaa kofia na blanketi jekundu, anakaa langoni. Nilimfundisha swali kwa siku moja.

Mwanzoni niliogopa watamtambua si yule wa kwenye picha. Hakuna aliyetambua. Jana walipita wanawake kumi na wanne. Mzee aliwauliza mmoja mmoja, "Wewe ni Jedidah?" na wote walisema ndiyo.

Ndugu yako,
Muchangi